Sanduku la Bei ya Mtamba

Jumamosi, 11 Januari

Limefika. Liko katikati ya chumba changu hapa mtaa wa Barani, Malindi, na mimi nimekaa kitandani nalitazama kama mtu aliyepata mgeni asiyejua pa kumweka. Ni sanduku la barafu, jeupe, nene kuta zake, zito mpaka dereva wa tuktuk aliniuliza kama nimenunua injini. Ubavuni lina picha ndogo ya nyangumi wa buluu. Watu wa maboti huko Watamu hawasemi sanduku, wanasema Nyangumi, na mtu akiwa nalo wanamwamkia vizuri zaidi.

Aliyelinunua ni Dena. Dena ni mchumba wangu, baharia wa boti la watalii wanaovua kwa mchezo, na mwezi wa tatu watu wake wataleta kwa baba yangu, kijijini Kakuyuni, mnazi wa posa, lile tembo ambalo baba wa binti akilinywa ameridhia. Ndoa itakuwepo Mungu akipenda na baba akipenda, na kati ya hao wawili ninayemhofia ni baba. Dena ametumia bakshishi zake zote za Krismasi kuninunulia hili, kwa sababu mimi nauza sharubati ya mabungo na ukwaju karibu na soko la Malindi, na kila siku barafu yangu hufa kabla ya adhuhuri. Baada ya hapo huwa nauza maji ya uvuguvugu kwa watu wenye hasira.

Nimefurahi hata sijui niweke wapi mikono.

Jumapili, 12 Januari

Nimelifungua na kulifunga, nimelifungua na kulifunga. Mfuniko ukikaa hutoa mlio mdogo, kama mtu aliyeshiba.

Jumanne, 14 Januari

Leo nimelipeleka kazini. Idah, ambaye meza yake imepakana na yangu na anauza juisi ya maembe, alinitazama nikilishusha na vijana wawili wa mkokoteni.

"Caro," akasema, "hilo jeneza la nani?"

"La biashara yako."

Idah ana boksi jeupe jepesi, lile la kusafirishia samaki, alilolivika gunia na kulifunga kamba. Aliliokota bure. Tukakubaliana tushindane. Tulinunua barafu mahali pamoja, kipande chake na changu sawasawa, tukafunga, na kila mtu akauza vyake. Jua la leo lilikuwa la kukaangia. Muadhini alipoadhini adhuhuri Idah alitia mkono na kutoa maji. Alasiri nikatia mkono wangu na kutoa barafu, kavu, yenye pembe zake, nikaigonga mezani ili asikie.

Basi watu wakaja. Wale makarani wa benki ambao huwa hawashuki ngazi kwa ajili yangu walishuka. Mmoja alilipiga picha sanduku, akasahau kununua juisi, nikamkumbusha.

Jioni Idah alikuja kuligusa. "Ni zuri, sikatai," akasema. "Lakini langu likivunjika naokota jingine. Lako likiibiwa utalia mpaka Idi." Kisha akauliza kama Dena ana ndugu.

Jumapili, 19 Januari

Tumetoka Kakuyuni, na furaha yangu imepigwa mwereka.

Dena alitaka kumsalimia baba kabla ya siku ya posa, na akataka asiende mikono mitupu. Akamchukulia bilauri ya chuma ya Nyangumi, ile ndefu yenye kifuniko, ambayo chai inakaa moto kutoka asubuhi hadi usiku. Mimi nilishikilia tuichukue. Niliona kama tunampelekea baba kipande cha ulaya.

Baba yangu, mzee Kambi, alikuwa karani katika ofisi za Kilifi maisha yake yote. Sasa amestaafu, ana ng'ombe wachache na shamba la mahindi, na anakunywa chai kwenye kikombe cha bati ambacho mimi nimekikuta duniani. Aliipokea bilauri kwa mikono miwili, akaigeuza, akasoma chini yake kama anayetafuta muhuri.

"Ahsante, mwanangu. Na lile sanduku nililosikia habari zake, liliuzwaje?"

Nilimkanyaga Dena mguu. Dena hajui kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu. Akataja bei.

Shangazi Zipporah, dada yake, aliyekuwa akichambua mchicha pale mlangoni, aliacha mkono hewani.

"Kwa hiyo ungepata mtamba," baba akasema.

"Ndiyo, baba. Kama huyo wenu mwekundu."

"Mtamba mwakani anazaa. Hilo sanduku linazaa?"

Dena akacheka, akidhani ni mzaha. Baba hakucheka. Alisema mnazi wetu ataupokea mwezi wa tatu kama alivyoahidi, lakini kuupokea si kuunywa, na ataamua siku hiyo akishauona. Hayo aliyasema kwa ile sauti yake ya ofisini, ya mtu anayekwambia rudi Jumatatu.

Nimekasirika njia nzima. Baba ni bahili, ndilo neno lenyewe, na anataka kumpima mtu wangu kwa ng'ombe. Dena yeye amekaa tu, anasema mzee ana haki ya kuuliza.

Jumatano, 29 Januari

Joto. Nimeuza mpaka tone la mwisho. Shangazi amepiga simu kusema baba anapimia mbegu za mahindi kwa ile bilauri.

Jumatano, 5 Februari

Baba alikuja Malindi kwa shughuli zake za benki, akamaliza mapema, akaja kukaa kibandani kwangu. Nilimpa stuli, nikampa glasi ya mabungo. Akanywa, akasema sukari ni nyingi, akaomba nyingine.

Halafu ikaanza kazi aliyoijia. Kila nikigeuka kumhudumia mteja nasikia mfuniko. Nageuka, baba ameinama, anachungulia.

"Baba, ukifungua fungua barafu inakufa."

"Mimi natazama tu."

"Kutazama ndiko kunakoiua."

"Basi si sanduku la nguvu hilo."

Alichungulia tena. Idah alikuwa amejificha nyuma ya maembe yake, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ilipofika alasiri barafu ilikuwa bado ipo, imepungua, lakini ipo, na nilimwambia, "Unaona?" Baba akasema anaona ni Februari na mvua zikija nani atanunua kitu baridi. Nilitamani kumwaga ukwaju.

Alipoondoka alikuwa na mfuko wake wa karatasi wa siku zote, ila ulionekana mzito kidogo. Sikuuliza.

Jumatatu, 10 Februari

Nimefanya ujinga. Kijana wa barabarani ananadi bilauri za Nyangumi kwa bei ya sahani ya pilau. Nikanunua yangu, nikaitia maji ya barafu, nikaitia mkobani. Imevuja yote juu ya simu. Nilipoitazama vizuri, nyangumi wake ana masharubu.

Ijumaa, 14 Februari

Nusu ya Malindi imevaa nyekundu. Dena yuko baharini. Juisi imekwisha saa za mchana.

Alhamisi, 20 Februari

Stima ilipotea Barani jana asubuhi na haijarudi. Bi Kibibi, mwenye nyumba yangu, ana friza kubwa sebuleni, na wiki nzima amekuwa akiijaza kwa ajili ya mfungo: nyama, kamba wa kupika na wali, nazi aliyokwisha kukuna. Leo alfajiri nilimsikia akizungumza na friza.

Nikagonga. "Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba mwanangu, lakini usiniulize habari, sina habari njema. Vitu vyangu vyote vitaniharibikia, nami sina wa kumlalamikia."

Nilikuwa na barafu ya kazi niliyoinunua. Nikafikiri juu ya makarani wa benki kwa muda mfupi sana, kisha nikaliburura sanduku mpaka sebuleni kwake. Tukapanga vitu kwa ukubwa kama watu wanaofunga safari: nyama chini, kamba juu yake, nazi pembeni, barafu katikati na juu. Vilivyobaki akapika na kugawa kwa majirani. Sikuuza hata glasi moja leo.

Ijumaa, 21 Februari

Stima imerudi jioni. Tulifungua sanduku pamoja. Kamba walikuwa wagumu kwa baridi, na Bi Kibibi alimgonga mmoja kwa ukucha akaniangalia.

"Na aliyekununulia ni huyo baharia?"

"Ndiye."

"Basi mwambie baba yako asichelewe."

Nimelala nacheka.

Jumatano, 5 Machi

Mfungo umeanza, mchana soko limepoa, sasa nauza jioni tu watu wakienda kufuturu. Jua bado kali. Mawingu yanajikusanya upande wa bara halafu yanaghairi.

Leo Bi Kibibi ameniudhi. Aliliazima sanduku mchana likiwa tupu, nikadhani anataka kuweka tende. Kumbe amelitia sufuria nzima ya mbaazi za nazi, za moto, amezipika mapema ili apate kupumzika kabla ya magharibi. Nilipoona nilishika kichwa. "Bi Kibibi, hili ni la barafu!"

"Lajua lenyewe kuwa ni la barafu?" akaniuliza. "Ngoja."

Waliofuturu kwake waliungua ndimi. Mbaazi zilikuwa moto kama zimeepuliwa sasa hivi. Sawa, nimeona, lakini nimelisugua kwa limau na magadi na bado linanuka nazi. Kesho mabungo yangu yatakuwa na ladha ya futari.

Jumapili, 16 Machi

Nimekwenda Kakuyuni peke yangu kusaidia kupanga siku ya posa, ambayo ni Jumamosi ijayo. Baba alikuwa shambani. Shangazi Zipporah akanivuta jikoni na kunieleza jambo ambalo, kwa maneno yake, limemwasha ulimi zaidi ya mwezi.

Siku ile baba alipotoka kibandani kwangu, kwenye ule mfuko wa karatasi kulikuwa na bilauri. Ile ya Dena, ya kupimia mbegu. Alikuja nayo Malindi imeoshwa, na nilipokuwa nampa mteja chenji aliijaza barafu yangu. Akaibeba mpaka Kakuyuni, akaiweka chini ya kitanda.

"Usiku akawa anaitikisa sikioni," Shangazi akasema. "Choko, choko, choko. Namuuliza, Kambi, una nini? Ananiambia lala. Asubuhi kabla hata ya kunawa uso, choko, choko. Ikamwagwa kwenye sahani, vipande hivyo, vizima. Akavitazama mpaka vikayeyuka."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kumbe kijana hakudanganywa.' Kisha akairudisha bilauri kwenye mbegu."

Nimekaa na habari hiyo siku nzima. Nilikuwa nimemwita bahili. Bahili asingejali kama Dena amedanganywa au la, maadamu fedha si zake. Baba alikuwa anaogopa kumpa binti yake mtu anayeuziwa maneno. Sasa amejua hakuuziwa maneno, na bado hataki kusema, kwa sababu ameshasema lile la mtamba mbele ya watu na ni mtu wa ofisi, hafuti alichoandika.

Kwa hiyo kilichobaki ni mnazi. Jumamosi mnazi ukiwa mzuri atakuwa na njia ya kukubali bila kurudi nyuma. Ukiwa na dosari, Ami Mwaringa, ndugu yake mdogo na msemaji wa ukoo wetu, ataikamata dosari hiyo kwa meno, na baba hatakuwa na la kufanya.

Alhamisi, 20 Machi

Dena amepiga simu ana wasiwasi. Watu wake ni watu wa kanisa, nyumbani kwao mnazi hauingii, na hakuna anayeujua. Mgema wa hapo karibu na Kakuyuni atawapa vibuyu viwili alfajiri ya Jumamosi, wazee watakaa kikao saa sita, na joto hili. Je, ukichacha njiani?

Mimi nikamwambia hapo hapo, "Chukua sanduku. Utie barafu. Utafika kama ulivyogemwa."

Akasema, "Caro, wewe ni kichwa." Nimejisikia kichwa kweli. Kijana wa mkokoteni amelipeleka stendi, Dena amelichukua. Lile sanduku ambalo baba amelicheka ndilo litakaloleta mnazi wangu. Siwezi kukaa kitako.

Ijumaa, 21 Machi

Nimesuka nywele. Nimefika Kakuyuni. Mawingu mengi, hayajaghairi bado.

Jumapili, 23 Machi

Naandika ya jana, na nitaandika yote.

Walikuja saa sita kama walivyosema. Nilikuwa jikoni, mahali pa binti siku hiyo. Hatoki mpaka aitwe. Kupitia nyufa za ukuta niliwaona wakiingia kwenye banda la makuti: mshenga wao, ambaye ni mzee wa kanisa na amevaa tai, wajomba wawili, na Dena nyuma kabisa ndani ya suti ya kuazima. Vijana wawili walibeba sanduku. Nyangumi aling'aa. Niliona majirani wakinyosheana vidole, nikajiona mtu mkubwa.

Wakatoa vibuyu. Vilikuwa vimelowa kwa baridi, vinatoa jasho, na mimi nikafurahi. Ami Mwaringa akakichukua cha kwanza akakiweka sikioni.

Akachukua cha pili, akasikiliza. Akachomoa kizibo, akamimina kidogo kwenye kata, akaitazama. Hapakuwa na povu hata kidogo. Akaonja.

"Mtamu," akasema. "Baridi. Wazee, kuna anayenyonya hapa?"

Watu wakacheka. Mshenga, maskini, akadhani wanafurahi, akasimama akasema kwa sauti ya mimbari, "Tumeutunza vizuri sana, wazee wetu. Tangu alfajiri umo kwenye barafu."

Kicheko kikakatika.

Sasa naijua hiyo kasoro na naona aibu kuiandika. Mimi maisha yangu ni juisi. Kwangu kuchacha ni hasara, na kitu kizuri ni kile ambacho hakijabadilika tangu nilipokikamua. Nikaupeleka mnazi kwa akili ya mabungo. Lakini mnazi wa wazee lazima uwe umeanza kuchemka wenyewe, una povu, unasukuma kizibo, unasema. Ule mtamu uliotulia wanapewa watoto. Hata harufu tu ya utoto wangu ingenikumbusha, kama ningetumia pua badala ya kujisifu.

Shangazi alikuja jikoni mbio kuliko umri wake. "Mwaringa anasema mnazi haupumui. Anasema wameleta maiti, na mnazi uliokufa binti haulizwi juu yake. Anasema waende, waje tena baada ya mavuno."

"Baba anasemaje?"

"Anatazama miguu yake."

Baada ya mavuno ni miezi. Baada ya mavuno Dena atakuwa ameaibika Watamu nzima, watu wake watasema ukoo wa Kambi una makuu, na baba atabaki na neno lake la mtamba mpaka liwe jiwe. Nilitaka kulia, kisha nilitaka kumpiga mtu, na mtu wa karibu alikuwa Shangazi. Nikageuka, na mbele yangu pale jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya maji ya ugali, yanatoa mvuke.

Nikamkumbuka Bi Kibibi akiniuliza kama sanduku lajua lenyewe kuwa ni la barafu.

"Shangazi," nikasema, "wamekula?"

"Wale wapi, ugali hata hujasonga."

"Basi hawaondoki. Kamwambie Ami Mwaringa kwamba wageni wa kaka yake hawatoki hapa na njaa, wasiwe na mnazi wa kunywa na chakula wakose. Na waambie sanduku lije huku na vibuyu vyake, linalowesha banda."

Ami Mwaringa ni mkali kwa mila, na kulisha mgeni ni mila. Akaketi.

Aliyelileta ni Dena mwenyewe. Siku hiyo hatupaswi kuonana, kwa hiyo alilivuta kinyumenyume mpaka mlangoni, akasimama nje amenipa mgongo. Suti ilikuwa imelowa.

"Caro, nimeharibu."

"Tumeharibu. Wazo lilikuwa langu. Toa hiyo barafu."

"Nitupe?"

"Tupa yote. Leta na ndoo ya maji ya kisima."

Aliimwaga kwenye migomba, barafu nzima nzima, kuku wakakimbia. Sikuwahi kudhani nitafurahi kuiona barafu ile ikienda. Nikamimina maji ya ugali ndani ya sanduku, nikapunguza kwa ya kisima, nikajaribu kwa kiwiko kama mtu anayemwogesha mtoto, mpaka yakawa ya kupendeza. Shangazi naye akakumbuka kibuyu cha baba cha juzi, kilichobaki masimbi chini, yale machicha ya kuchachushia, makali, yanayochoma pua. Akatia kata moja katika kila kibuyu cha Dena, akakitikisa, akakiziba kwa nyuzi za makumbi, lakini si kwa nguvu. Tukavisimamisha ndani ya maji, tukafunga mfuniko. Likatoa mlio wake ule wa kushiba.

Kisha nikapika polepole kuliko mwanamke yeyote aliyewahi kupika Kakuyuni. Nilimkata kuku vipande vidogo. Nilikuna nazi ambazo sikuzihitaji. Bandani mazungumzo ya posa yalikuwa yamekwisha na watu wanazungumzia mvua.

Kivuli kikaingia mlangoni. Baba.

Hakuniuliza kitu. Alilitazama sanduku, akaweka kiganja juu ya mfuniko. "Liko baridi," akasema.

"Nje, baba. Ndani kuna maji ya moto."

"Moto kiasi gani?"

"Ya kumwogeshea mtoto."

Akapitisha kiganja ubavuni, juu ya nyangumi, taratibu. Halafu akapiga magoti, baba yangu, na suruali yake ya siku ya posa, akaweka sikio.

"Kuna kitu kinatembea humo," akasema.

"Kinaamka."

Nilingoja aseme habari za ng'ombe. Nilikuwa nimejitayarisha kabisa, jibu liko ulimini. Akasimama akajipangusa magoti, akatazama sufuria yangu ambayo maji ya pili yalikuwa yanaanza kuchemka.

"Usiharakishe ugali," akasema, akatoka.

Shangazi alijifunika kanga usoni. Mimi nilikaa chini pale pale jikoni, mwiko mkononi, na machozi yakanitoka.

Ugali ukaja ulipokuja. Walikula, wakanawa. Baba mwenyewe akasema sanduku lirudi bandani, maana si adabu wageni kuondoka bila chombo chao. Nilikuwa kwenye ufa wangu. Ami Mwaringa alikuwa ameshachukua bakora yake. Dena akafungua klipu ya kwanza, akafungua ya pili, na kabla hajauinua mfuniko, ukainuka wenyewe kidogo, kwa pumzi.

Vizibo vilikuwa vimetoka. Povu lilipanda shingoni mwa vibuyu, jeupe, zito, likafurika, likateremka ubavuni mwa sanduku na kumfunika nyangumi. Harufu ilifika jikoni. Mshenga alirudi nyuma hatua nzima. Ami Mwaringa aliinama, akasikiliza bila kuhitaji kuweka sikio, kwa maana kila mtu alisikia, na bakora akaiegemeza tena nguzoni.

Baba alikaa kitini mikono magotini.

"Limezaa," akasema.

Sikuwahi kusikia wazee wa Kakuyuni wakicheka vile. Ami Mwaringa alicheka mpaka akakohoa. Dena alikuwa amesimama na povu kwenye kiatu, hajui kama anachekwa au anasifiwa, mpaka baba alipomshika mkono akamkalisha karibu naye.

Ndipo nikaitwa. Baba alimwaga kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, akajaza kata, akaishika mbele yangu bila kuinywa.

"Mwanangu, mnazi huu umeletwa na watu hawa. Tuunywe?"

Nilikuwa nimefundishwa kujibu taratibu, macho chini, mara moja tu. Macho niliyaweka chini. Hayo mengine sikuyaweza.

"Nyweni, baba," nikasema, na Shangazi anadai walisikia mpaka kwa mgema.

Walikunywa. Hata mshenga alilowesha mdomo, akafumba macho, akasema amina. Wakati wa kwenda nyumbani, matone makubwa yalianza kuanguka juu ya makuti.

Jumanne, 25 Machi

Idah ananilazimisha nisimulie tangu mwanzo kila mteja anapokuja. Leo nimeisimulia mpaka sauti imekauka.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua imeshika kwelikweli. Sokoni ni matope, hakuna anayetaka kitu baridi, kama baba alivyosema. Idah amehamia kwenye chai. Siku ya harusi imepangwa Agosti.

Baba amepiga simu asubuhi. Kwanza akauliza habari za mvua huku, kana kwamba mvua ya huku ni nyingine. Kisha akasema anaomba sanduku.

"La nini, baba?"

"Wewe lilete."

Nimelipeleka. Kikombe cha bati kilikuwa shambani, kinapima mbegu za pili, na baba alikuwa barazani anakunywa chai kutoka kwenye bilauri, kifuniko juu yake, mvua inanyesha mbele yake. Akalipokea sanduku, akalisogeza mwenyewe ukutani mahali pasipovuja, akakaa juu yake kujaribu. Nikamuuliza atalirudisha lini.

Akasema likizaa tena, ndama wa kwanza ni wangu.